Nifundishe darasani nisichokiamini?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23, nasoma mwaka wa tatu shahada ya sayansi na ualimu. Masomo yangu ya kufundishia ni bayolojia na kemia. Baba yangu ni mchungaji, na mimi mwenyewe ni katibu wa umoja wa wanafunzi Wakristo hapa chuoni. Nayasema hayo mapema ili ujue ninakotoka.

Muhula huu mhadhiri wetu wa mbinu za kufundishia alitupa swali la semina: je, mwalimu wa bayolojia sekondari afundishe mageuko ya viumbe peke yake, yaani kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, au afundishe pia ile hoja iliyotoka Marekani kwamba viumbe ni tata mno, kwa hiyo lazima vilibuniwa na Msanifu mwenye akili? Tulikuwa kama arobaini. Sikutegemea semina ya saa mbili igeuke mkutano wa hadhara. Wengine walisema sayansi ni mageuko tu, hayo mengine yaende kanisani na msikitini. Wengine walisema tufundishe yote mawili, mwanafunzi achague mwenyewe, hiyo ndiyo haki. Mimi nilikuwa upande huu. Nilisimama nikasema mageuko ni nadharia tu, na hakuna aliyewahi kumwona nyani akizaa mtu. Mwenzetu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Na huyu ndiye mwalimu wa bayolojia!" Darasa zima likacheka. Nilikaa huku machozi yananilenga.

Ila kundi kubwa kuliko yote halikusema kitu pale semina. Lilisema usiku bwenini: "Wewe fundisha kama kitabu kilivyo, waambie wajibu hivyo kwenye mtihani wa taifa wa NECTA, lakini moyoni wajue Mungu ndiye aliyeumba. Ya nini kujitesa?" Mwalimu, maneno hayo yalinikosesha usingizi, maana ndivyo nilivyofundishwa mimi. Mada nzima tuliimaliza kipindi kimoja, na mwalimu alikuwa akitabasamu muda wote kama mtu anayesimulia hadithi ya sungura na fisi.

Mwezi wa saba naenda mazoezi ya kufundisha. Nimeshampigia mwalimu wa somo wa shule niliyopangiwa, akaniambia nitamkuta Kidato cha Nne amefika kwenye mada hiyo hiyo. "Huwa tunaigusa tu," akasema, "usiingie ndani sana, wazazi wa huku ni watu wa dini." Nilipomwambia baba, alinyamaza, kisha akasema, "Usiende kuwaambia watoto wa watu kwamba wametoka kwa nyani."

Nilikwenda maktaba kutafuta hoja za kumjibu yule aliyenicheka. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona hoja zangu zilikuwa dhaifu, na sasa naogopa. Nikikubali, nitakuwa nimemkana Mungu wa baba yangu? Nisipokubali, nitasimamaje mbele ya watoto? Tena rafiki yangu wa chumba kimoja, Mwislamu mwenye kushika dini, alikuwa upande wa sayansi pale semina. Nilimwambia maneno makali usiku ule na hatujasemezana wiki ya tatu sasa.

Binti wa Mchungaji, Iringa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa kibarazani bila miwani ya kusahihishia, nikaisoma kama mama. Nimefundisha bayolojia miaka 31 na ni mzee wa kanisa huku kwetu Lushoto, kwa hiyo uliponiuliza hukuuliza mtu wa mbali.

Nianze na nyani, kwa sababu wewe na baba yako wote mnamtumia vibaya. Hakuna mwanasayansi anayesema mtu ametoka kwa nyani. Hata kwa sokwe hakutoka. Kinachosemwa ni kwamba sisi na sokwe ni mabinamu. Wewe una binamu zako. Hakuna hata mmoja aliyekuzaa, ila mna bibi mmoja. Bibi wa binadamu na sokwe aliishi mamilioni ya miaka iliyopita na hakuwa mtu wala sokwe. Nyani ni binamu wa mbali zaidi, wa upande ule wa ukoo mnaokutana misibani tu. Kwa hiyo uliposema hakuna aliyemwona nyani akizaa mtu ulisema kweli, na mageuko hayadai hivyo. Siku akizaliwa mtu kwa nyani, wanabiolojia ndio wangekuwa wa kwanza kuitupa nadharia yao.

Na hilo neno "nadharia tu". Hapa lugha yetu inatutega. Shuleni tunasema nadharia na vitendo, na kila mtu anajua vitendo ndiyo kazi yenyewe, nadharia ni maneno. Semina mmefanya kwa Kiingereza, lakini bwenini mmegombana kwa Kiswahili, na neno limeingia na uzito wake wa Kiswahili. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi yakasimama. Kwamba vijidudu husababisha magonjwa nayo ni nadharia, na hakuna muuguzi anayeacha kunawa mikono kwa sababu ni nadharia tu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika. Yule mwalimu wako aliyetabasamu, mimi pia nilikuwa hivyo. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilifika kwenye mada hiyo nikaandika ubaoni nukuu za kurasa mbili, nikageuka, nikawakonyeza. Nilisema, "Haya yaandikeni mfaulu. Ukweli mnaujua wenyewe." Wakacheka, nami nikajiona mwalimu mwema anayelinda imani ya watoto.

Miaka kama kumi na tano baadaye nilikuwa nimempeleka mjukuu wa dada yangu kliniki. Kwenye benchi nikakaa na mama mmoja kijana, akaniamkia, nikamkumbuka: alikuwa dawati la pili, mwandiko mzuri. Mapajani alikuwa na mtoto wa miaka minne, macho ya manjano, vidole vya mikono vimevimba, amechoka hata kulia. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama mkwe alikuwa amemwambia ni laana ya ukoo wake. Mume alikuwa ameanza kulala kwa kaka yake. Akaniuliza, si kwa kunilaumu, kwa kutaka kujua tu: "Mwalimu, kwa nini ugonjwa huu uko kwetu sana?"

Nilichukua kadi ya kliniki, nikaigeuza, nikachora miraba minne kwa kalamu ya wino. Baba ana chembe moja ya urithi yenye kasoro na moja nzima, mama vivyo hivyo. Wote wazima, hawajijui. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne mtoto apate mbili zenye kasoro. Hapo ukoo wa mama peke yake hauwezi kulaumiwa, kadi yenyewe inaonyesha pande mbili. Kisha nikamwambia kwa nini kwetu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki akaona kwamba selimundu imejaa maeneo yenye malaria, pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni haba nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akaonyesha sababu: mwenye chembe moja yenye kasoro analindwa dhidi ya malaria kali. Vizazi na vizazi watoto wa namna hiyo walipona malaria wakakua wakazaa, na chembe hiyo ikaendelea kuwepo, pamoja na uchungu wake kwa wale wanaopata mbili. Hiyo ndiyo uteuzi asilia, mwanangu. Ni mada ile ile niliyoikonyezea.

Yule mama aliiangalia ile kadi muda mrefu. Akaikunja, akaiweka ndani ya kanga, akasema anampelekea mume wake. Mimi nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Miaka ile yote niliyojidai kulinda imani ya watoto, niliwanyima kitu ambacho siku moja kingemtetea mtu mbele ya mama mkwe wake.

Kwa hiyo kati ya makundi yote ya darasa lako, linalonitisha ni lile la bwenini. Waliosema "mageuko tu" na ninyi mliosema "yote mawili", wote mlikuwa na jambo mnaloliamini mkalitetea. Hao wa bwenini wanakwenda kufundisha kwa kukonyeza. Mtoto anayekonyezwa anajifunza kwamba sayansi ni uongo wa kujipatia alama. Kesho akisikia habari ya chanjo, au ya kumaliza dozi, anakumbuka lile jicho.

Tuje kwenye wazo lako la yote mawili. Linasikika la haki, nami nisingekucheka. Lakini hoja hiyo ya Msanifu ina historia, na ukiijua utaona ilikotoka.

Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza shule za umma kufundisha uumbaji wa kidini kama sayansi. Kilikuwepo wakati huo kitabu cha kiada cha bayolojia kilichokuwa kikiandaliwa, chenye kutaja uumbaji. Baada ya hukumu, waandaaji waliondoa maneno ya uumbaji na watetezi wa uumbaji wakaweka usanifu na watetezi wa usanifu mahali pale pale. Tunajua kwa sababu rasimu zilitolewa mahakamani. Katika moja, aliyebadilisha hakufuta vizuri, neno la zamani na jipya yakabaki yamegongana katikati ya sentensi.

Rasimu hizo zilitolewa kwenye kesi ya Dover, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Mwishoni mwa mwaka 2004 bodi ya shule iliamua kwamba wanafunzi wa bayolojia wasomewe tamko: mageuko ni nadharia yenye mapengo, na yupo Msanifu kama maelezo mbadala, kitabu kile kile kipo maktaba. Walimu wa bayolojia walikataa kulisoma. Nakuomba ulikumbuke hilo utakapokuwa na woga, kwamba walimu wa mji mdogo, wenye waajiri juu yao, walikataa kwa maandishi kwa sababu waliona ni kuwadanganya wanafunzi wao. Wakuu ndio walioingia madarasani kulisoma. Wazazi 11 wakashtaki. Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alitoa hukumu ya kurasa 139: hoja ya Msanifu si sayansi.

Mtetezi wake mkubwa, mwanabiokemia Michael Behe, hutumia mfano wa mtego wa panya. Ondoa springi, au kibao, au kile chuma kinachopiga, mtego haukamati kitu. Basi lazima uliundwa mzima kwa mara moja. Anasema mkia wa bakteria, wenye mota yake ndogo inayozunguka, ni vivyo hivyo. Mfano mzuri, na mimi uliwahi kunishika. Akajibiwa na Kenneth Miller, mwanabiolojia Mkatoliki anayekwenda misa: ondoa sehemu mbili za mtego, kilichobaki kinabana tai shatini. Hakikamati panya, ila kina kazi nyingine. Na sehemu ya protini za ule mkia wa bakteria zinafanana na zile za sindano ambayo bakteria wengine hutumia kudungia seli. Mmoja wao ni bakteria wa tauni. Sisi wa Lushoto hatuhitaji kuelezwa tauni; tangu mwaka 1980 iliturudia mara kwa mara, mitego ya panya ikawa kila nyumba. Watafiti waliposoma sindano ile walipata mahali pa kutafutia dawa. Lakini ukisema "Msanifu aliifanya" ukaishia hapo, kesho asubuhi maabara unakwenda kupima nini?

Hapo ndipo inapoishia hoja ile kwangu. Sisemi Mungu hayupo, nimemtumikia tangu kipaimara. Nasema kwamba haikupi cha kupima, na somo la bayolojia ni somo la kupima.

Kuna jambo moja ambalo usilichukue kwa Wamarekani. Kule katiba inazuia shule za umma kufundisha watoto kuamini dini, ndiyo maana ugomvi wote umesongamana kwenye mlango wa bayolojia. Kwetu dini ina kipindi chake kwenye ratiba. Watoto wa Kiislamu wanafanya mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Wakristo wanafanya Bible Knowledge. Swali la nani aliyetuumba na kwa nini lina mwalimu wake na saa yake. Halihitaji kujificha chini ya jina la Msanifu ili liingie maabara. Na uangalie jambo la haki ulilolitaja: darasani kwako watakuwa Wakristo na Waislamu na wengine. Msanifu utakayemweka ubaoni utamweleza kwa maneno ya kanisa la baba yako, hata usipotaka.

Kuhusu kumkana Mungu. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanasayansi wa Vatican mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana ya kubuni. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliojenga nadharia hii katika karne iliyopita, alikuwa Mwothodoksi. Siwataji ili uwafuate. Nawataja kwa sababu umeandika kana kwamba mlango ni mmoja na ukiupita huwezi kurudi. Wapo pia walioacha imani baada ya kusoma, sitakuficha, na wapo waumini wanaoikataa nadharia hii mpaka leo. Jirani zetu Nairobi mwaka 2006 viongozi wa makanisa walitaka jumba la makumbusho liyaweke pembeni mabaki ya watu wa kale. Chukua muda wako. Hakuna anayekudai jibu la moyo kabla ya mwezi wa saba. Unachodaiwa mwezi wa saba ni kuwaeleza watoto kwa usahihi kile ambacho ushahidi unaonyesha na jinsi ulivyopatikana.

Basi kwenye darasa lenyewe usianze na binadamu. Ukianza na binadamu watoto wanafunga masikio dakika ya kwanza. Anza na klorokwini. Waambie wakawaulize bibi zao kuhusu vile vidonge vichungu vilivyowasha mwili mzima hadi kwenye nyayo. Kwa nini havitolewi tena? Vimelea vya malaria vilivyostahimili dawa vilibaki vikazaana, dawa ikakosa nguvu, nchi ikaiacha mwaka 2001, na miaka michache baadaye tukaingia kwenye dawa mseto. Hayo yametokea bibi akiona. Atatokea mmoja aseme, "Lakini mwalimu, bado ni kimelea kile kile." Mshukuru, ni swali zuri, kisha umpeleke kwenye furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, aina mamia, katika ziwa ambalo wanajiolojia wanaonyesha lilikuwa limekauka karibu miaka 15,000 iliyopita. Siku ya tatu ndiyo selimundu na ile miraba minne. Binadamu aje mwisho, na aje na Laetoli.

Picha ya nyayo za Laetoli ichapishe kubwa. Ni majivu ya volkano yaliyolowa mvua, yakakanyagwa, yakakauka, zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita, hapo Ngorongoro. Timu ya Mary Leakey ilizipata mwaka 1978. Usiwaambie kitu kwanza. Waache watazame kisigino kilivyozama, na kidole gumba kilivyolala sambamba na vingine, hakikuchomoka pembeni kama cha sokwe. Wavue viatu wakanyage vumbi la uwanjani walinganishe. Mimi nililifanya hilo miaka yangu ya mwisho kazini, na mtoto mmoja mtundu kuliko wote alikaa amechuchumaa pale vumbini hata kengele ilipolia.

Wagawie vikaratasi waandike maswali bila majina. Mmoja atauliza kama unamwamini Mungu. Jibu kwa ukweli, kwa sentensi moja, urudi kwenye somo. Anayesema haamini mageuko usimlazimishe, wala usimruhusu mtu amcheke. Wewe unajua inavyouma. Mwambie mtihani unapima kama ameelewa hoja na ushahidi wake. Ila usikonyeze.

Mwalimu wa somo akikwambia uguse tu, mwonyeshe andalio lako kabla hujaingia darasani. Mtaala ni wa serikali, mada imo, wala hutakuwa umemvunjia heshima. Wazazi wakija, wakaribishe waione ile picha.

Baba yako usibishane naye kwa simu. Nenda nyumbani, jioni ya Jumapili akiwa amepumzika, ukiwa na andalio la somo mkononi. Amesema usiwaambie watoto wametoka kwa nyani, una haki ya kumwambia, "Baba, sitawaambia hivyo, wala kitabu hakisemi hivyo." Hapo mtakuwa mmekubaliana jambo moja, na mchungaji aliyezika watoto wa malaria na selimundu atakuwa na mengi ya kukuambia kuhusu mengine. Msikilize.

Na huyo rafiki yako, usimsubiri. Ulimkosea wewe. Leo jioni mtengee chai, umwambie ulikosea maneno hata kama bado hamjakubaliana hoja. Kisha mwombe akukague somo la klorokwini, ajifanye mwanafunzi msumbufu wa nyuma.

Andalio la kipindi cha kwanza nitumie na mimi kabla hujaripoti shuleni. Kalamu yangu nyekundu bado ina wino.